Amana ya Bi Zuwena

Shimo lilikuwa limeshachimbwa Mwera, na cha kuzikwa hakijulikani kiliko.

Ami Yakoub alilichimba kwa mkono wake, pembeni ya makaburi ya ukoo, kisha akapanda kichuguu panaponasa mtandao akampigia simu mdogo wake Idarusi, mjini Tanga. Idarusi ni fundi baiskeli, mikono yake haikosi grisi, kwa hiyo simu huwa haiweki sikioni. Aliifungulia sauti, akaitua juu ya siti ya baiskeli aliyokuwa akiitengeneza barazani, na nyumba nzima ya Chumbageni ikasikia, pamoja na nusu ya majirani.

"Shimo liko tayari tangu juzi," alisema Ami Yakoub. "Kuku wameligeuza pa kuogea vumbi. Hicho kipande cha shemeji kinakuja lini?"

"Kinakuja, kaka. Hospitali wana taratibu zao."

"Taratibu gani na nyama ya mtu? Mie huku nimeshawaambia watu tunazika. Kila nikitoka msikitini naulizwa."

Uani, Samiha, binti pekee wa Idarusi, alikuwa anafua mashuka ya mama yake. Alilikamua shuka ambalo lilishakamuka, akalikamua tena.

Mtu asiye wa ukoo ule angeshangaa. Wenyewe hawashangai. Kwao mwili ni amana, na kila kinachobanduka mwilini hurudishwa udongoni. Kondo za watoto wao wote zimezikwa Mwera. Kidole cha marehemu babu yao, kilichokatwa na mashine ya katani, kina kaburi lake pale, na babu alipofariki alizikwa jirani nacho ili siku ya kufufuliwa wasihangaike kutafutana. Sasa Bi Zuwena, mke wa Idarusi, alikuwa amepasuliwa hospitalini, akatolewa uvimbe uliokuwa kwenye ini pamoja na kipande cha ini lenyewe. Bi Zuwena alikuwa mzima, ameshatoka wodini, amelala chumbani kwake. Kipande chake ndicho kilichokuwa hakijarudi nyumbani.

Idarusi alizima simu kwa kiwiko. "Samiha!"

"Abee, baba."

"Weye ndiye unayefanya kazi na wale watu. Kinatoka lini?"

"Karibuni, baba."

"Karibuni ndiyo siku gani?"

"Nitawauliza."

Atamwuliza nani, na wa kuulizwa ni yeye? Lakini Samiha alijibu hivyo, akarudi kwenye beseni lake, na moyo wake ulikuwa mzito kuliko mashuka.

*

Samiha alikuwa fundi wa maabara, katika kituo cha utafiti ambacho watu wengi wa Tanga hupita mbele ya geti lake bila kujua ndani kunafanyika nini. Kazi yao ukimweleza mtu kahawani atakuuliza kama kweli unalipwa mshahara. Walikuwa wanapima jinsi dawa zinavyoingia ndani ya ini.

Dawa ukishaimeza haizami kwenye ini ovyo kama maji kwenye mchanga. Kila chembe ya ini ina milango yake. Ipo inayoivuta dawa ndani, ipo inayoisukuma nje, na wanadamu hatukuumbiwa milango iliyo sawa. Ndiyo maana dawa ileile, kwa kipimo kilekile, humwinua huyu ikamlaza yule. Sasa karibu kila kinachojulikana juu ya milango hiyo kimepimwa kwenye maini ya watu wa mbali. Mkuu wa maabara, Dokta Asheri, Mbondei mmoja mpole wa Muheza, alitaka kupima maini ya watu wa hapa. Lakini ini la mtu lenye uhai huliendei sokoni. Sharti mtu apasuliwe kwa haja yake, na akubali kuwa nyama isiyo na ugonjwa iliyotoka na uvimbe isitupwe.

Mama yake Samiha alipopangiwa kupasuliwa, Dokta Asheri alikuna kidevu akasema, "Ukimwelewesha mwenyewe itakuwa vizuri zaidi. Wewe ni mwanawe."

Basi Samiha akaenda wodini na makaratasi. Bi Zuwena, ambaye kwa miaka mingi amewakaangia watu wa mtaa wao bagia na kuwasikiliza shida zao, hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi.

"Watakipeleka wapi?"

"Maabara kwetu, mama. Kitafanyiwa vipimo."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Basi ya nini? Kitarudi?"

Muuguzi alikuwa amesimama na kalamu, mguu mmoja tayari kwa mgonjwa mwingine.

"Kitarudi, mama."

"Kizikwe Mwera."

"Kitazikwa."

Alilisema kama mtu anavyomwambia mtoto anayelia kwamba mama anarudi sasa hivi. Alijua fika kuwa vinavyotoka kwenye vipimo huingia kwenye ndoo nyekundu, na ndoo nyekundu huingia kwenye tanuri. Alijua pia kuwa mama yake atatoka pale na kidonda na maumivu, na mtu mwenye maumivu husahau mambo mengi. Hapo ndipo alipokosea. Mgonjwa wa kitandani hana kazi nyingine isipokuwa kukumbuka.

Kipande kilifika maabara ndani ya kisanduku cha barafu. Dokta Asheri alimwambia akae nje kama ataona vigumu, naye akasema ataona vigumu zaidi akikaa nje. Alikiosha mwenyewe. Walizitenganisha chembe zake kwa dawa ya kulainisha, wakazilaza kwenye sahani zenye visima vidogo vidogo, na zikashika, zikatulia. Kisha wakazitilia dawa iliyochanganywa na rangi inayong'aa. Sahani moja iliwekwa kwenye joto kama la mwili wa mtu, nyingine juu ya barafu. Za barafuni hufunga milango. Tofauti kati ya hizi na zile ndiyo nguvu ya milango yenyewe.

Samiha aliinamia darubini. Sahani ya barafuni ilikuwa giza. Ile ya kwenye joto ilikuwa inawaka kijani, chembe baada ya chembe.

"Zinakunywa, Dokta," alisema, na machozi yakamtoka. Alifurahi mno. Hakukumbuka ahadi yoyote wakati ule.

*

Bi Semeni wa nyumba ya pili alikuja kumwona mgonjwa na bakuli la uji wa pilipili manga. Uji ulikuwa mzuri, hilo lisemwe. Lakini Bi Semeni hakuwahi kuleta chakula mahali bila kuondoka na kitu.

"Pole, shoga yangu. Wanasema ulikuwa na nini hasa?"

"Uvimbe."

"Uvimbe tu? Maana nimesikia, sijui kama kweli, ati ni mnyoo wa mbwa."

Bi Zuwena akaugeukia uji. Daktari wa upasuaji alilitamka neno hilo wodini mbele ya wagonjwa wenzake na wageni wao, kwa sauti ileile ambayo angetajia saa. Ni mnyoo wa mbwa, alisema, mayai yake hukaa hata kwenye mchicha usiooshwa vizuri, humpata mtu yeyote. Hiyo ya mchicha hakuna aliyeibeba kwenda nayo nyumbani. Ya mbwa ilifika Chumbageni kabla ya mgonjwa mwenyewe.

"Na hili friji," Bi Semeni aliendelea, macho ukumbini, "jipya?"

"Samiha kanunua. Nipate maji baridi."

"Mashallah. Mtoto ana kheri huyu." Akachezea ncha ya mtandio. "Ila dunia hii! Wasema huko nje ini la mtu bei yake mtu unajenga. Mie huwa sisikilizi maneno ya watu."

Alipoondoka, maneno yalibaki. Friji lile Samiha alilinunua kwa kudunduliza, na alilileta nyumbani wiki ileile mama yake alipolazwa, kwa sababu ndipo lilipohitajika. Watu walipiga hesabu yao wenyewe. Kabla ya Ijumaa mtaa ulikuwa umeshalibatiza jina, Friji la Ini. Mteja mmoja alimletea Idarusi gurudumu la kuziba pancha, akauliza huku anacheka kama figo nazo zinapokelewa kwa bintiye. Idarusi aliziba pancha, akajaza upepo, akakataa kupokea hela yake. Kisha aliingia ndani, akalisimamia friji kwa muda mrefu kana kwamba anataka kulihoji.

"Samiha," alisema alipotoka, "mie sikuulizi kama umeuza. Nakujua. Nakuuliza nikawaambie nini watu wa Mwera."

Samiha aligeukia ukumbini. Angelitukana lile friji kama lingekuwa na masikio.

*

Mama yake alimwita siku hiyohiyo baada ya Alasiri. Samiha alikuwa amemletea wali wa nazi na samaki, kwa kuwa dawa aliyoandikiwa hutaka chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini. Ilikuwa ya kumeza kwa miezi, na daktari aliwaonya: mbegu za mnyoo zikidondoka ndani wakati wa kupasua, bila dawa zitaota tena, kwenye ini au hata kwenye mapafu, na safari ya pili kisu huenda kisifae kitu.

"Kaa," alisema Bi Zuwena. "Kiko wapi?"

"Mama, kula kwanza."

"Nitakula. Kiko wapi kipande changu?"

Samiha aliutazama mkeka. "Hakipo tena kama kipande, mama. Tumekitenganisha chembe chembe. Nyingine tumezigandisha. Nyingine... zilizokwisha vipimo huwa zinachomwa."

"Zinachomwa vipi?"

"Kwenye tanuri."

Nje Idarusi alikuwa akigonga rimu, kisha nyundo ikanyamaza.

"Ulijua hivyo siku ile unaniambia kitarudi?"

"Nilijua."

"Umenichoma moto, Samiha," alisema mama yake taratibu, "na mie ningali hai."

Neno lile lilimkata Samiha maini. Alitaka kusema ni chembe tu, hazionekani hata kwa macho, hata mkono wa mtu ukisuguliwa kwa dodoki hudondosha nyingi kuliko zile. Hayo yote ni kweli, na yote yalikuwa hayana kazi pale.

"Nawe wadhani nililia kizikwe kwa sababu ya ami yako na kidole cha babu yenu," Bi Zuwena aliendelea. "Sivyo. Mie tangu nimepata akili, chombo kikirambwa na mbwa nakiosha mara saba, ya kwanza kwa udongo. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Leo naambiwa mbwa yumo ndani ya ini langu. Nitalitoa nilioshe? Maalimu kaniambia hapana neno, maradhi ni maradhi, mgonjwa hana najisi. Ahsante yake. Lakini mie nalala na mwili huu, si maalimu. Nikasema angalau hicho kilichotoka kipate udongo, nami nitajiona nimeoshwa. Hilo tu ndilo nililotaka. Ukanipa moto."

Alikula wali wote. Alipomaliza aliirudisha sahani, na kidonge kilikuwa pembeni, pamoja na miiba ya samaki.

"Mama, dawa."

"Dawa za kwenu? Sizijui zinatoka wapi wala zinakwenda wapi. Nilishamwamini mtu wa huko mara moja."

Kesho yake ilikuwa vilevile. Kesho kutwa vilevile. Samiha alipika wali wa nazi, mama yake akala, akashukuru kwa adabu kama mgeni, na kidonge kikarudi na miiba. Kukataa chakula kungemfanya mtu apige kelele, aite majirani. Kukataa kwa namna ile, na shukrani juu, kulimmaliza Samiha nguvu. Akaanza kutembea na kile kichupa cha vidonge mkobani, aende nacho kazini na kurudi nacho, endapo mama yake atabadili nia. Kazini alikuwa akipima dawa inaingiaje kwenye chembe za mama yake, na nyumbani hakuweza kuipitisha hata mdomoni.

*

"Kwa kanuni, hizo chembe ni taka," alisema Dokta Asheri. Aliona uso wa Samiha, akalirekebisha neno lake. "Kanuni ndiyo inaziita hivyo. Si mimi."

"Kuna kanuni inayosema ziko za nani?"

Dokta Asheri alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa jambo likishatiwa saini limekwisha. "Ipo. Mwenyewe anaweza kujitoa wakati wowote. Akisema basi, kilichobaki si chetu. Lakini Samiha, kilichobaki ni zile zilizogandishwa. Ndizo za kupimia dawa za kifua kikuu zikipewa pamoja na nyingine. Tukizikosa hizo, tulichonacho ni nusu ya kazi, na nusu ya kazi haitoi jibu."

"Najua."

"Na jina lako lingekuwemo kwenye ripoti hiyo. Ungepata kwenda kusoma."

"Najua, Dokta."

Alijua kweli, na ilimwuma. Nani asiyeumwa na mlango wake mwenyewe unapofungwa? Lakini alipoiweka safari ya masomo upande mmoja na sahani yenye kidonge na miiba upande wa pili, hakuchukua muda kuamua.

Dokta Asheri akaja Chumbageni na kilo mbili za sukari, kama inavyompasa mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Alimsabahi Idarusi barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Idarusi hakutoa mkono. "Nina grisi," alisema, na mikono ilikuwa imetoka kuoshwa kwa ajili ya sala. Dokta akaurudisha wake mfukoni, akavua viatu, akaingia ndani, akaketi mkekani na soksi yake yenye tundu mbele ya watu.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," alimwambia Bi Zuwena, aliyekuwa ameegemea mto, kanga kichwani, mumewe amesimama mlangoni. "Nilipaswa kuja mwenyewe kukueleza. Nikamtuma mtoto akamwombe mama yake, nikaona nimefanya busara."

"Hivyo vipimo vyenu vitaniponya mie?"

Samiha aliomba kimoyomoyo Dokta atafute neno laini.

"Hapana, mama. Wewe hutapata kitu. Labda watu wengine, miaka ijayo. Labda hata hao wasipate, hatujui."

Bi Zuwena akatikisa kichwa. "Huyu angalau hasemi kitarudi."

Samiha aliinamisha uso.

"Zimebaki?" aliuliza mgonjwa.

"Zimebaki. Kama robo. Kama ungependa nikueleze zinafanya kazi gani..."

"Sitaki kuelezwa. Nataka changu."

"Ni haki yako. Ukisema basi, ni basi."

"Nimesema basi."

Dokta Asheri alimeza mate. Alikuwa ameingoja kazi ile kwa muda mrefu, na kila mtu chumbani aliliona hilo isipokuwa Idarusi, aliyekuwa anatazama soksi. "Basi, mama," alisema. Kisha akaongeza, "Na dawa, nasikia humezi?"

"Dawa yangu bado haijawa mazungumzo ya wageni. Samiha, mpe dokta maji baridi. Kwenye friji lile wanalolisema."

Alipotoka, Idarusi alimfuata mpaka kwenye gari, akakagua tairi la mbele ambalo hakuombwa kulikagua, akasema lina upepo mdogo, akaleta pampu.

*

Ruhusa ilichukua muda, maana ofisi haijazoea kuombwa kurudisha kitu. Ilipopatikana, walisafiri kwenda Mwera kwa gari la kukodi, Bi Zuwena amekalia mito miwili kwa ajili ya mshono. Ami Yakoub alikuwa amelichimba shimo upya, lile la kwanza kuku na mvua walishalifukia. Mkewe alipika wali wa nazi na samaki, wakala kwanza, kwa kuwa mgonjwa hawekwi na njaa. Baada ya Adhuhuri wakaenda makaburini. Watu kadhaa wa kijijini walikuwa wameshafika na kusimama kando, kwa heshima na kwa udadisi.

Samiha alitoa chupa kwenye mkoba. Ilikuwa chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko cha buluu, na ndani mna maji yasiyofika hata nusu kikombe cha kahawa. Chembe zilikuwa zimeshatiwa dawa ya kuua vijidudu, haziwezi kumdhuru mtu.

Ami Yakoub alisogea na bafta yake nyeupe mkononi, akaitazama chupa, akamtazama mdogo wake.

"Idarusi. Umenichimbisha shimo mara mbili kuzika maji?"

Mmoja kati ya wale waliosimama kando akakohoa kikohozi chenye kicheko ndani. Idarusi shingo ilimwinama, na Samiha akamwona baba yake amekuwa mfupi mbele ya watu wa kwao. Alitamani shimo lile lingekuwa lake.

"Nipe," alisema Bi Zuwena.

Akaletewa kigoda, akaketi kwa shida, akaishika chupa akaielekeza juani. Chini palikuwa na ukungu mweupe, kama tui lililotulia.

"Ndo mie huyu?"

"Ndo wewe, mama."

"Zilikuwa na uhai hizi, huko kwenu?"

"Zilikuwa nao. Zilikuwa hai."

"Zikifanya nini?"

Hakutaka kuelezwa na dokta. Sasa alikuwa anamwuliza mwanawe. Samiha aliwahi kuieleza kazi ile mbele ya wageni wa kituo, kwa picha na michoro ya rangi. Pale hakuwa na mchoro. Alichuchumaa mbele ya kigoda.

"Tuliziwekea dawa, mama. Nyingine tukaziweka juu ya barafu, nyingine kwenye joto kama la mwili wako. Za barafuni zilifunga milango, hazikugusa kitu. Za kwenye joto zilikunywa. Nilizichungulia mwenyewe, zinang'aa kwa ndani, moja baada ya nyingine. Zilishakatwa, ziko mbali nawe, hakuna aliyeziamuru. Zikanywa."

"Bila mie?"

"Bila wewe, mama. Nililia siku ile. Nilifurahi nikakusahau. Nisamehe. Niliona jinsi zinavyokunywa nikasahau kuwa ni wewe."

Bi Zuwena hakusema amemsamehe. Alifungua kifuniko, akasema bismillah, akaimimina chupa yote juu ya bafta aliyoikunjua Ami Yakoub. Kitambaa kiliyanywa maji yote, likabaki doa dogo. Idarusi akaikunja bafta kingo kwa kingo, akashuka na kuilaza shimoni kwa mikono yake miwili, polepole, na hakuna aliyekohoa tena. Wakasoma Fatiha.

Wa kwanza kutia udongo alikuwa Bi Zuwena. Hakuurusha. Aliinama kadiri mshono ulivyomruhusu, akauchota, akausugua viganjani kama mtu anayeosha chombo, mpaka kati ya vidole, ndipo akauachia. Akachota tena. Samiha peke yake ndiye aliyejua anaosha nini, naye akatazama pembeni kumpa mama yake faragha.

Shimo lilipokwisha kufukiwa, Ami Yakoub alilisawazisha kwa mgongo wa jembe, jirani na kidole cha babu. Watu wakaanza kutawanyika. Bi Zuwena alibaki kwenye kigoda.

"Samiha. Ile dawa yangu umeiacha nyumbani?"

"Ninayo hapa."

"Siku zote unatembea nayo?"

"Siku zote."

Mama yake alimtazama, mara ya kwanza tangu siku ile ya tanuri, mtazamo wa mtu anayemtazama mwanawe. "Ami yako alete maji, basi. Hicho kilichokatwa kilikuwa ugenini, hakina mwenyewe, na kikanywa. Hiki kilichobaki kwangu kinaringa nini?"

Akakinga kiganja, bado kina udongo wa Mwera, na Samiha akamwekea kidonge.